Mwanamke Aliyeikataa Sifuri

Tulimwita Bi Msimamizi. Barua za kazi zilimtaja kwa urefu, msimamizi wa kinga ya mionzi, lakini nani ana pumzi ya kuyasema yote hayo kila asubuhi? Alikuwa mfupi, mwembamba, na buibui lake lilipinda upande mmoja kwa uzito wa mkoba. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na tochi, utepe wa kupimia, daftari la jalada gumu, miwani mbili zilizovunjika na moja nzima, na kijaluba cha tambuu. Ukikutana naye kituo cha gari Mkoani ungemdhani fundi cherehani anayekwenda kumpima bibi harusi.

Mimi nilimkuta nilipomaliza chuo, nikapangiwa chumba cha eksirei katika hospitali yetu ya kusini ya Pemba. Nilifika nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi, na vyeti vyangu vimo ndani ya bahasha.

"Subalkheri, Bi," nikamwambia.

"Subalkheri, mwanangu. Umekuja kupiga picha au kupigwa?"

Hakungoja jibu. Alivuta droo akatoa kipimo kidogo cha rangi ya manjano, vile vinavyolia tik tik, akakiweka juu ya stuli ndani ya chumba cha picha, karibu na mlango. Pembeni ya kipimo akalaza sahani ya picha, yenye filamu ndani, na juu ya sahani akaweka ufunguo wa nyumba yake. Kitandani akaweka ndoo ya maji. "Huyo ndiye mgonjwa wetu wa leo," akasema. Tukatoka, tukajificha nyuma ya ukuta wa kinga, na yeye mwenyewe akabonyeza mara tano.

Tuliporudi akaniuliza, "Kipimo kinasema nini?"

"Sifuri, Bi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapa mlangoni mionzi haifiki."

"Sifuri ya nani hii?" akauliza, akaichukua ile sahani akaenda kuisafisha. Ilipotoka ilikuwa imeingia kijivu, na katikati ya kijivu mna kivuli cheupe cha ufunguo, mpaka meno yake unayahesabu.

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye hakucheka. Aliniweka kitini akanifahamisha taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Mionzi ya eksirei haikai, akasema. Unabonyeza, inatoka, imekwisha, hata kope hujaifunga. Kipimo kile ni kizuri kwa kazi yake, lakini ni kizito kuamka. Kikifumbua macho, mgeni keshapita. "Kikikwambia sikuona ntu, hakisemi uongo," alisema. "Lakini hakijakwambia kwamba hakupita ntu."

Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akikiachia Kipemba chake. Ofisini alisema Kiswahili cha vitabu, kilichonyooka kama mstari wa rula. Kipemba kilimtoka akiwa na jambo moyoni, na sisi tuliofanya kazi naye tulijifunza kusimama kidogo kila tulipokisikia.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa namna nyingi. Huyu aliyepima kila kitu kazini, jikoni hakupima chochote. Wali wake siku moja uji, siku nyingine mawe, na ukimwambia atumie kikombe anakukasirikia. Saa hakuijua. Mikutano aliyoiitisha mwenyewe alifika sisi tumeshachoka kumngoja, anahema, anailaumu gari. Miwani aliipoteza ikiwa usoni mwake. Madaktari walimwogopa kwa ulimi, maana daktari aliyeandika picha isiyo na sababu aliitiwa mlangoni, mbele ya wagonjwa, akaulizwa, "Hii unaitakia nini?" Lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa yai mikononi mwake. Nakumbuka mzee mmoja kutoka Kisiwa Panza aliyekataa kata kata kuvua hirizi yake kifuani. Hamadi, mwenzetu wa chumba cha eksirei, alikuwa keshaanza kupandisha sauti. Bi Msimamizi akaingia, akakunjua leso safi akaitandaza viganjani.

"Nipe mie nikushikie, babu. Nna udhu."

Mzee akamtazama, akaivua, akampa. Alisimama nayo nyuma ya kinga, haikutua juu ya meza, mpaka picha ikaisha.

Hamadi huyo naye alipata zamu yake ya kutishika. Kila mmoja wetu alivaa beji ndogo kifuani, inayokusanya mionzi inayompata mtu, na kila baada ya miezi beji zilipelekwa bara kusomwa. Majibu yalikuja siku moja, ya watu wote madogo, isipokuwa ya Hamadi. Lake lilikuwa kubwa hata akashindwa kumaliza chai yake. Alikwenda kuketi kwenye ngazi, kashika kichwa, anamuuliza kila apitaye kama nywele zake zimepungua. Bi Msimamizi alikwenda akaketi ngazi ya chini yake, akamhoji kama polisi. Ulisimama wapi? Ulimshika mgonjwa gani? Siku za mapumziko beji huiweka wapi? Hamadi akataja msumari. Alikuwa akimaliza kazi anaitundika beji kwenye msumari ili asiisahau. Msumari uko wapi? Ndani ya chumba cha picha, ukutani, pale pale mwali wa mionzi unapoelekea. Mwenye zamu ya mwisho wa wiki alipiga picha siku mbili nzima na beji ya Hamadi ikining'inia.

"Basi," Bi Msimamizi akasema, akisimama na kujikung'uta. "Iliyopigwa ni beji. Wewe hukupigwa. Kanywe chai yako." Kisha akautoa msumari ule kwa koleo, akautia mkobani.

Lakini jambo lililomfanya ajulikane mpaka Chake Chake ni lile la zawadi. Walikuja wageni wa shirika moja la ng'ambo, wametuletea sanduku. Daktari mfawidhi wetu alitandika meza kitambaa, maji ya madafu yakaletwa, picha zikapigwa. Ndani ya sanduku mlikuwa na kipimo kipya cha mionzi, chenye uso mpana kama kikaango, kinang'aa. Bi Msimamizi akaitwa akipokee, kwa kuwa ni kifaa cha idara yake. Alikigeuza, akaisoma karatasi iliyokuja nacho, mstari kwa mstari. Kisha akakirudisha ndani ya sanduku.

"Ahsanteni sana. Hiki ni kipimo kizuri," akasema. "Lakini si chetu."

Mfawidhi alikohoa. Bi Msimamizi akaendelea, mkalimani akitafsiri kwa shida.

"Hiki kinatafuta vumbi. Mahali ambapo dawa ya mionzi humwagika mezani, ikashika mikono, ikashika viatu, hiki ndicho chenyewe. Sisi hapa hatuna vumbi. Chetu ni kama mwanga, ukizima mashine umekwisha. Nikikipokea kitawekwa kabatini, na mwakani mkaguzi akija akiuliza mna kipimo, tutasema tunacho. Bora tusiwe nacho, tujue kwamba hatuna."

Mfawidhi alimwambia baadaye, nami nikisikia, "Bi, leo umetufedhehesha mbele ya wageni." Yeye akajibu kwamba wageni hawakuja kupigwa mionzi, watakwenda zao, na sisi ndio tutakaobaki. Hata hivyo, miongoni mwa wageni kulikuwa na mama mmoja wa makamo ambaye hakununa hata kidogo. Alitoa kidaftari, akaketi naye kwenye benchi la wagonjwa, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Basi nielezee mnachohitaji."

Bi Msimamizi alikuwa keshakiandika siku nyingi. Alichana ukurasa akampa. Alitaka kipimo chenye chemba ya hewa ndani, kinachoweza kuijumlisha mionzi ya picha moja moja badala ya kuikimbilia kasi yake. Kisibabaike na mionzi hafifu inayorudi kutoka kwa mgonjwa. Kije na cheti cha kuhakikiwa, na pajulikane mapema mahali pa kukihakiki tena. Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: betri zake zipatikane Chake.

Kile chenye uso wa kikaango walikipeleka hospitali moja ya bara inayotumia dawa za mionzi, na nasikia huko kinafanya kazi mpaka leo. Chetu tukakingoja. Miezi ikapita, na mwisho sisi wengine tukakisahau.

Katika kungoja huko ndipo yaliponifika yangu.

Nilishika mimba, ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, moja nikiwa bado chuoni, nyingine mwaka wa pili wa kazi. Hii nilijiapiza kutoitaja kwa mtu ila mume wangu. Ukutani mwa chumba cha picha kulikuwa na tangazo la mkono wa Bi Msimamizi mwenyewe, kwamba mfanyakazi mwenye mimba atoe taarifa mapema. Nililipita kila asubuhi nimeinamisha macho. Kwetu mimba changa haitangazwi, na mimi niliogopa kwamba nikiitaja tu, itasikia na kuondoka.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Tulihamia miezi michache kabla, na aliyekijenga alituhakikishia kwamba kinga ya risasi, madini mazito yanayozuia mionzi, imo ukutani kote. Kipimo cha manjano kilipopitishwa siku ya makabidhiano kilisema sifuri, na makaratasi yakatiwa saini. Bi Msimamizi hakutia yake. Aliandika chini ya ukurasa kwamba hajaridhika mpaka kipimo cha haki kipatikane, na watu wakamwona msumbufu.

Nyuma ya kinga kulikuwa na kona, karibu na kioo, ambako kiyoyozi kilipuliza vizuri. Kwa kichefuchefu nilichokuwa nacho, kona ile ilikuwa pepo yangu. Nilisimama hapo kila picha.

Asubuhi moja tuko kwenye chai, Bi Msimamizi akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, chai ya tangawizi imekukosea nini? Wiki ya pili sasa huigusi."

Nikasema tumbo.

"Tumbo la wiki ngapi?"

Machozi yalinitangulia. "Tisa, Bi. Na mbili zilishatoka."

Nilitegemea atanikumbatia, au atanigombeza. Hakufanya lolote katika hayo. Alifunga kijaluba chake cha tambuu, akauliza, "Ulikuwa ukisimama wapi?"

Niliumia, nisiseme uongo. Nilimpeleka nikamwonesha. Alisimama kwenye kona yangu kwa muda, akitazama ukuta, kioo, bomba la kiyoyozi. Siku ile ile alinitoa kwenye kupiga picha, akanikalisha kwenye meza ya kuandikisha wagonjwa, nje kabisa ya korido. Alinipa beji ya pili, ya kuvaa kiunoni, na ile ya kifuani niliyokuwa nayo wiki zote zile akaipeleka bara kabla ya wakati wake. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Bi, niambie basi. Salama au hatari?"

"Sitakwambia salama, na sitakwambia hatari," akasema. "Sijapima."

Nilimchukia usiku ule na siku zilizofuata. Kila mtu mwingine angeniambia salama, inshaallah. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na elimu ya kulisema neno hilo likaniingia, na yeye ndiye aliyeninyima.

Kumbe siku ile ile alimpigia simu yule mama wa kidaftari. Kipimo kilikuwa tayari, kimefika Unguja, kimekaa kwenye stoo kikingoja gari na barua. Bi Msimamizi hakungoja gari wala barua. Alipanda meli akakifuata mwenyewe, akarudi nacho amekipakata kama mtoto mwenye homa, watu wakimuuliza umebeba nini naye akijibu, "Ubishi wangu."

Ilikuwa masika, mvua asubuhi, mvua jioni. Kile kipimo cha chemba kina adui mmoja, nao ni unyevu, na ndani yake mna kijichupa cha vipunje vinavyounyonya. Vikiwa vikavu ni buluu, vikilowa vinageuka waridi. Alipokifungua vilikuwa waridi mpaka chini.

"Hakipimi kitu leo," akasema. "Kimelowa. Kitatuongopea."

Nilimwomba. Nilimwambia hata kikikosea kidogo, si bora kuliko kukaa gizani? Akakataa. Alivichukua vipunje nyumbani kwake vikakaushwe kwa moto mdogo juu ya jiko la makaa. Nilikwenda naye kwa kuwa sikuweza kukaa kwetu. Aliviacha vikipoa kwenye kisahani dirishani, tukasali laasiri, na tuliporudi tukamkuta jirani yake, mama mmoja mpenda manukato, kavitia vitatu kwenye chetezo chake na anakiinamia.

"Bi Msimamizi, huu ubani wako wa wapi? Mzuri kwa rangi, lakini haunukii hata!"

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nilipoulizwa ile habari ya chai. Bi Msimamizi yeye hakucheka, alivihesabu vilivyobaki, akavirudisha kwenye kijichupa na kukifunga kwa nguvu.

Tulipima siku ya pili yake, chumba hakina wagonjwa. Hamadi alibonyeza. Ndoo ya maji ililala kitandani. Mimi nilikatazwa kuingia, nikasimama mwisho wa korido, nikisikia sauti ya Bi Msimamizi ikiita: "Piga." Kimya. "Piga tena." Alianza pale anaposimama mpiga picha, akasoma, akaandika. Akaenda mlangoni, akasoma, akaandika. Kisha nikasikia ameita "piga" mara tatu bila ya kusogea, na mara ya nne sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapa pana kitu," alisema.

Ilikuwa kona yangu. Aliyetoboa ukuta kupitisha bomba la kiyoyozi aliikata karatasi ya risasi, akapitisha bomba lake, akaziba kwa lipu na rangi. Kwa macho ukuta ulikuwa mzima. Bi Msimamizi aligonga kwa kifundo cha kidole, akafoka. "Ntu kakata risasi, kapitisha bomba, kenda zake! Na karatasi zikatiwa saini!"

Niliketi pale pale sakafuni kwenye korido. Akaja akaketi ubavuni pangu, chini, na buibui lake, akafungua daftari juu ya mapaja. Alichukua kitabu cha kuandikishia wagonjwa, akahesabu picha nilizopiga wiki hadi wiki, akazizidisha kwa mionzi ambayo kipimo kilikusanya kwa picha moja. Alifanya hesabu mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akampa Hamadi namba tupu, bila ya kumwonesha jibu lake, akamwambia naye afanye upande wa pili wa korido. Hamadi akaja na jibu lile lile.

"Ni kidogo," akaniambia. "Kidogo sana, mwanangu. Lakini hii ni hesabu ya karatasi. Iliyosimama pale pamoja nawe ni beji. Tuingoje iseme."

Tundu liliwekewa risasi wiki ile, na akalipima tena, na tena, mpaka Hamadi akasema kidole chake kimeota sugu. Mimi nikangoja. Ulikuwa ungojaji wa aina nyingine na ule wa mwanzo. Mwanzoni nilikuwa na hofu isiyo na umbo, inajaa nyumba nzima. Sasa ilikuwa na umbo na ukubwa wake, naujua, na ni mdogo. Nilianza kulala.

Asubuhi ya jibu mvua ilikuwa inamwagika. Tulikuwa hatujapanga hata vikombe pale Bi Msimamizi alipopiga hodi kwetu. Yeye, ambaye hajapata kufika mahali kwa wakati! Alikuwa amelowa chapachapa, na karatasi kaitia ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani.

"Sasa nnakwambia," akasema akiwa bado barazani. "Salama. Beji na hesabu zimekwenda sawa. Ulichopata hakifiki hata karibu ya cha kumdhuru ntoto. Salama, mwanangu. Salama, salama."

Alilisema neno lile kama mtu aliyekuwa amelifungia wiki zote na sasa kalifungulia mlango. Nililia kwa sauti hata mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna msiba.

Tulipokwisha kunywa chai, na mama mkwe keshaingia ndani, akaniambia jambo ambalo sikupata kumsikia akimwambia mtu mwingine.

"Mie ujanani nilifanya kazi chumba chenye mlango wa mbao. Tulikuwa na kipimo, kikatwambia sifuri, tukafurahi. Zikanitoka mimba tatu." Aliuzungusha mkono wa kikombe. "Sisemi mionzi ndiyo. Huenda siyo. Wako wanawake hawajaiona hata hiyo eksirei na wamepoteza kuliko mie. Lakini miaka yote hii najiuliza, na hapana pa kwenda kuuliza, kwa sababu hapana aliyepima. Wewe nilitaka upate jibu. Hata lingekuwa baya, liwe lako."

Nilimshika mkono. Nilitaka kumwomba radhi kwa zile siku nilizomchukia, lakini yeye alikuwa keshaanza kuutafuta mfuko wake wa plastiki.

Binti yangu alizaliwa msimu wa karafuu, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Bi Msimamizi alikuja siku ya saba, kachelewa, na doti ya kanga. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akasema uji walionipa ni mwepesi mno, akaenda jikoni akaukoroga mwenyewe, ukaharibika.

Alipostaafu alihamia kisiwani Makoongwe, na mimi nikapewa kazi yake. Tulionana kwenye harusi na kwenye maziko, basi. Simu alipokea akipenda.

Mara ya mwisho kukaa naye ni mwaka huu. Niliingia kazini Jumatatu, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, na katikati yao nikamwona, karatasi ya daktari kaikunja mara nne ndani ya kiganja.

"Bi! Toka saa ngapi?"

"Toka saa moja. Nimo kwenye foleni."

"Njoo ndani."

"Kuna watu mbele yangu," akasema, na akakohoa, kikohozi kikavu kilichomkunja. Miezi miwili alikuwa nacho. Hakumwambia mtu. Hakukubali kupita mbele, nikamngoja mpaka zamu yake ilipofika.

Chumbani nilitegemea maswali. Mashine ilikuwa mpya, asiyoijua, na mimi nilikuwa nimejitayarisha kujibu kila kitu, kuanzia cheti cha kuhakikiwa mpaka betri. Hakuuliza chochote. Alisimama mahali nilipomsimamisha, kidevu juu, na nilipomshika mabega kumnyoosha akaning'ang'ania mkono wa koti. Niliingia nyuma ya kioo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ni mtu mzima anayeogopa.

"Vuta pumzi, Bi. Izuie hapo hapo."

Akaizuia. Nikapiga.

"Pumua."

Sikumwacha peke yake kwa daktari. Kijana yule aliitazama picha kwenye kioo cha kompyuta, akaisogeza, akaikuza, akaturudia. Mapafu ni safi, akasema. Hakuna doa, hakuna maji. Akamuuliza anatumia dawa gani, naye akazitoa, vidonge vya presha alivyoanza miezi mitatu nyuma.

"Ni hivi, Bi," daktari akasema. "Vidonge hivi kwa baadhi ya watu huleta kikohozi. Nitakubadilishia. Kitakwisha."

"Si TB?"

"Si TB."

"Wala si ile nyingine?"

"Wala si ile nyingine, Bi. Hiki ni kikohozi cha vidonge."

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta leso. Akanigeukia.

"Nna njaa," akasema. "Toka jana sijatia kitu kinywani."

Tulikwenda kwa mama muuza chakula nje ya lango. Aliagiza supu ya pweza na chapati mbili, akala bila ya kusema neno, akichovya na kupuliza. Katikati ya chapati ya pili kikohozi kikamshika, akakohoa mpaka machozi, akanyoosha kidole kifuani pake na kucheka huku anakohoa. "Vidonge!" akamwambia yule mama. "Vidonge tu!" Mama yule hakujua ni habari gani, lakini akacheka naye.

Akaagiza chapati ya tatu. Mimi akaniambia niondoke, wagonjwa wananingoja, yeye hana haraka, vyombo vya kuvukia Makoongwe viko mpaka jioni. Nilipofika langoni nikageuka. Alikuwa kakunja mikono ya buibui mpaka kwenye viwiko, anamwonesha mama muuza chakula pahala pazuri zaidi pa kuliweka jiko lake.